Kengele Tuliyoizima



Wahariri wametuomba tueleze kilichoipata seva ya seminari wakati wa Kwaresima iliyopita, kwa sababu maneno yamezunguka mengi. Wapo waliosikia kwamba picha zote za vitabu vya ubatizo zimefutika. Wapo waliosikia kwamba ni virusi. Parokia moja ilipiga simu kuuliza kama ni kweli seminari imeungua. Hakuna kilichoungua. Tulikuwa mafrateri watatu tuliokabidhiwa ufunguo wa chumba kile, na yaliyotokea ni yetu. Ndiyo maana tunaandika kwa pamoja, na msomaji atusamehe kama hatutasema nani kati yetu alibonyeza nini. Tulikubaliana hivyo siku ile ile.

Tuanze na kilichokuwa ndani ya mashine. Miaka mitatu iliyopita, kwa ruhusa ya Baba Askofu, seminari ilianza kupiga picha vitabu vya zamani vya parokia, ukurasa kwa ukurasa: vya ubatizo, vya ndoa na vya marehemu. Waumini wengi hukutana na kitabu cha ubatizo siku mbili au tatu tu maishani, wanapohitaji cheti, kwa hiyo huenda wasijue kinabeba nini. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inadai kila parokia iwe na vitabu hivyo, tena inadai kwamba kando ya jina la mbatizwa yaandikwe mambo yatakayompata baadaye: kipaimara, ndoa, daraja takatifu, nadhiri za daima. Kwa hiyo ule mstari mmoja huendelea kukua. Mtu amebatizwa kigangoni akiwa mchanga, amefunga ndoa mbali miaka thelathini baadaye, na habari ya ndoa inarudi kwa barua hadi kwenye kitabu kile kile, pembeni mwa jina lake, kwa mwandiko wa paroko mwingine. Kitabu kikiliwa na mchwa, si karatasi tu iliyopotea. Kuna watu hai ambao hawataweza kuonyesha kwamba walibatizwa, au kwamba wako huru kufunga ndoa.

Parokia 31 zilitukabidhi vitabu vyao. Tulivipokea, tukavipiga picha, tukavirudisha na barua yenye mhuri. Barua ile ilikuwa na sentensi ambayo sisi wenyewe tuliitunga, nayo tunaikumbuka vizuri: kwamba sasa kumbukumbu zenu ziko salama.

Usalama wenyewe ulikuwa sanduku jeusi lenye diski nne, kila moja ya terabaiti 4. Zilipangwa kwa utaratibu unaoitwa RAID, ambao wenyewe tumezoea kuutamka reidi. Wazo hilo liliandikwa mwaka 1988 na Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Walikuwa wakitetea kwamba diski nyingi za bei nafuu, zikifungwa pamoja, zinaweza kushindana na diski moja kubwa ya gharama. Lakini diski nyingi zina tatizo lake: kadiri zinavyoongezeka, ndivyo uwezekano wa mojawapo kufa unavyoongezeka. Kwa hiyo lazima ziweze kufidiana.

Namna zinavyofidiana ndicho kitu ambacho kila mgeni wa chumba kile hutuuliza, na jibu letu huwa la jumuiya ndogo ndogo. Jumuiya tatu zimeleta michango ya mavuno. Mtakatifu Monika imeleta shilingi 7,000, Mtakatifu Rita 5,000, Yuda Tadei 9,000. Mweka hazina anaandika kila mchango kwenye karatasi yake, kisha kwenye karatasi ya nne anaandika jumla, 21,000. Karatasi ya Rita ikipeperushwa na upepo, hakuna haja ya kumsumbua mtu. Unachukua jumla, unatoa 7,000 na 9,000, Rita amerudi. Jumla ikipotea, unajumlisha upya. Mashine haifanyi hesabu hiyo kwa kujumlisha hasa, ina njia yake ya kulinganisha sifuri na moja, na karatasi ya jumla haikai kwenye diski moja bali huzungushwa kwa zamu katika diski zote nne. Lakini maana ni hiyo. Diski moja ikifa, zile tatu zinazobaki zinajua ilikuwa imebeba nini.

Zikipotea karatasi mbili, umebaki na jumla na mchango mmoja, na hakuna hesabu itakayokusaidia.

Diski ya kwanza ilikufa katikati ya Novemba. Tunajua tarehe kwa sababu mashine iliiandika, si kwa sababu tuliiona. Tulichokisikia sisi ni mlio: pii, kimya, pii, kimya, usiku na mchana. Chumba cha seva kimepakana na chumba cha kujisomea, na ilikuwa wiki moja kabla ya mitihani. Wenzetu walilalamika, na walikuwa na haki. Wapo waliogonga ukuta. Usiku wa pili mmoja wetu alikwenda, akafungua ukurasa wa mashine kwenye kompyuta, akaona kitufe cha kunyamazisha sauti, akakibonyeza. Juu ya kitufe kulikuwa na maandishi ya njano, mistari mitatu au minne ya Kiingereza. Alituambia asubuhi yake kwamba kuna ujumbe, tutausoma baada ya mitihani. Sisi wawili tuliitikia. Baada ya mitihani ikaja Noeli, baada ya Noeli likizo, baada ya likizo uchungaji parokiani, na ule mlio haukuwepo tena wa kutukumbusha.

Mashine haikukata tamaa. Iliendelea kutuma barua pepe kila usiku saa 9. Ilizituma kwa anwani iliyowekwa siku ya kwanza, ya kaka yetu aliyeianzisha kazi hii, ambaye kwa sasa ni padre huko jimboni kwake, na sanduku lile la barua la seminari hakuna aliyelirithi. Tulipolifungua hatimaye tulikuta barua 98, zote zenye kichwa kimoja.

Tulilifungua kwa sababu ya mchwa. Wiki ya kwanza ya Kwaresima, mwenzetu mmoja aliyekuwa akijiandaa kwa ushemasi alikuwa akikusanya hati zake. Kanuni ya 1050 inataka cheti cha ubatizo na cha kipaimara kwa anayepewa daraja hiyo. Aliandika nyumbani, na paroko wake akamjibu kwa simu, kwa masikitiko, kwamba mvua zilipoanza mchwa waliingia chini ya kabati la ofisi na kukila kitabu kile kutoka mgongoni hadi katikati. Namba yake ya LB ilikuwa kwenye kurasa zilizoliwa. "Lakini usihangaike," alimwambia, "nyinyi hapo seminarini mna picha."

Alikuja kwetu akitabasamu. Tulifungua faili la parokia yake, na ukurasa ukachukua karibu dakika nzima kutokea. Mmoja wetu alikwenda kutazama sanduku lenyewe. Taa tatu zilikuwa za kijani. Ya nne ilikuwa nyekundu, na ilikuwa imefunikwa na kalenda ya ukutani iliyoning'inia mbele yake.

Tulimchapia ukurasa wake papo hapo, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Yeye aliondoka na karatasi yake. Sisi tulibaki tumesimama mle ndani. Kwa wiki 14 kila picha iliyosomwa kutoka diski iliyokufa ilikuwa inakokotolewa upya kutoka kwa zile tatu, na kwa wiki 14 hapakuwa na karatasi ya ziada. Tulikwenda kwa Baba Gombera kabla ya chakula cha mchana. Tulikuwa tumepanga maneno, lakini alipouliza swali la kwanza, "Mlijua lini?", maneno hayakusaidia. Tulisema ukweli wa kitufe.

Hakufoka. Alituambia tununue diski, tuitengeneze, halafu tutaandika barua kwa parokia zote 31. Barua ndiyo tuliyoiogopa zaidi.

Sasa, kwa mtu aliyesoma mwongozo wa mashine hizi, kubadilisha diski ni kazi ya dakika tano. Unachomoa trei yenye taa nyekundu, unafungua skrubu nne, unaweka diski mpya isiyo ndogo kuliko ile ya zamani, unairudisha, na mashine inaanza kujenga upya yenyewe. Padre mhasibu alitoa fedha, huku akitukumbusha kwamba ni bei ya magunia mawili ya mchele ya jikoni kwetu. Diski ilitoka Dar es Salaam kwa kifurushi cha basi. Tuliipokea stendi ikiwa imebanwa chini ya tenga la nyanya, na kila shimo la barabara ile tulilijua. Tuliipima kwa usiku mzima kabla ya kuiamini.

Tulitaka kuiweka asubuhi hiyo hiyo. Aliyetuzuia ni padre mzee anayetufundisha sheria za Kanisa, ambaye hajui hata kufungua barua pepe bila msaada. Alipita, akauliza tunafanya nini, tukamweleza. Akauliza kitu kimoja tu.

"Nakala iko wapi?"

"Padre, hizi diski nne ndizo nakala zenyewe. Moja ikifa, nyingine zinaibeba."

"Ziko chumba kimoja?"

"Sanduku moja, Padre."

Akavuta kiti. Alitueleza habari ambayo hatukuwahi kuisoma, kwamba sheria ya mwaka 1917, katika kanuni ya 470, ilimwagiza kila paroko mwisho wa mwaka apeleke kwenye ofisi ya askofu nakala halisi ya vitabu vya parokia. Nyumba ya paroko ikiungua, kitabu kingine kipo mjini. Waliotunga sheria hiyo, alisema, walikuwa wameona vita, moto na mafuriko kwa karne nyingi tangu Mtaguso wa Trento ulipowaamuru maparoko, mwaka 1563, wawe na kitabu cha ndoa. "Hawakusema paroko aandike vitabu vinne aviweke kabati moja," alituambia. Kisha akatukataza tusiguse skrubu hata moja mpaka kila kitu kiwe kimenakiliwa nje ya sanduku.

Tukubali kwamba tulinung'unika. Tuliona ni siku mbili zinazopotea. Lakini tulipoanza kuzikagua zile diski tatu nzima, ili tumwonyeshe kwamba hazina neno, tulikuta moja ina sekta 24 zilizoandikwa kuwa zinasubiri, yaani sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma na haijui izifanye nini. Hapo tulinyamaza. Diski zote nne zilinunuliwa siku moja, dukani kwa mtu mmoja, pengine zilitoka boksi moja kiwandani, na zote zilikuwa zimezunguka saa 25,000 na ushee bila kupumzika. Ndugu wa umri mmoja, wenye kazi moja, kwenye joto moja. Iliyokufa Novemba haikuwa na bahati mbaya. Ilitangulia.

Na kujenga upya ndiyo kazi nzito kuliko zote ambazo diski hizo hupewa. Ili kuijaza diski mpya, zile tatu lazima zisomwe zote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na pembe ambazo hazijaguswa kwa miaka. Ni kama kumwomba mgonjwa abebe mwenzake aliyezimia.

Basi tukanakili. Tuliazima diski ya nje ya terabaiti 5 kutoka kwa wanakwaya, ambao walikuwa wameinunua kwa ajili ya video zao za Pasaka, na tukaahidi kuirudisha kabla ya Jumapili ya Matawi. Picha zilikuwa terabaiti 3 na kitu. Kazi ilianza baada ya sala ya jioni, na tulipeana zamu. Umeme ulikatika saa 5 usiku. Betri ya dharura inashika dakika ishirini tu, kwa hiyo mmoja alikimbilia jenereta kwa kandambili huku wawili wakiangalia namba zikiendelea kupanda, polepole, kama mtu anayehesabu senti. Jenereta liliwaka. Tulikaa mle ndani hadi kengele ya asubuhi. Hatukuongea sana. Tulisali Rozari, tukasinzia kwa zamu, tukasikiliza. Diski inaposoma mahali pazuri unasikia mvumo tu. Inapofika mahali pabovu hugonga, kidogo sana, kama ukucha kwenye meza, kisha hurudia, na inaporudia kila kitu kingine husimama. Tulisikia kugonga huko mara tatu kabla ya adhuhuri.

Kazi iliisha alasiri, karibu saa 20 baada ya kuanza. Picha 3 zilikataa kusomeka, zote za kitabu kimoja cha ndoa. Nyingine zote zilikuwa zimevuka. Tulinakili tena kutoka diski ya wanakwaya kwenda kwenye nyingine ya pili, tukampelekea padre mzee aishike mkononi. Aliifungia kwenye kabati la chumbani kwake, nyuma ya viatu.

Ndipo tulipogusa skrubu, na hapo tulikaribia kufanya kosa ambalo lingekuwa kubwa kuliko la Novemba. Mashine ilituambia kwa maandishi kwamba diski iliyokufa ni namba 3. Sisi tulikuwa na karatasi ya mlangoni inayoonyesha trei: 1, 2, 3, 4. Mkono wa mmoja wetu ulikuwa tayari kwenye trei ya tatu. Lakini mashine huanza kuhesabu kutoka sifuri. Namba 3 yake ni ya nne yetu. Ile ya tatu kwenye karatasi yetu ilikuwa hai, na tungeichomoa tungebaki na diski mbili.

Taa nyekundu ilikuwa kwenye ya nne, ni kweli, na mtu angesema tungeifuata taa. Lakini siku hiyo tulikuwa hatuamini tena macho yetu wala karatasi zetu. Tulifanya hivi, na tunamshauri yeyote mwenye sanduku kama hili kwenye ofisi ya parokia afanye hivyo hivyo: uliiamuru mashine ikutajie namba za utambulisho za diski zilizo hai, maana iliyokufa haiwezi kujitaja. Tuliandika namba tatu. Tukazima mashine kabisa, tukachomoa trei moja moja, tukasoma lebo kwa tochi. Iliyokuwa na namba isiyokuwemo kwenye karatasi ndiyo marehemu.

Tuliweka diski mpya. Mashine ikawaka, ikaitambua, ikaanza kujenga. Asilimia 1, asilimia 2. Ilikadiria saa 11. Tulikwenda kula tukiwa wepesi kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Kwenye asilimia 61 ilisimama. Ilifika kwenye zile sekta, ikagonga, ikajaribu, ikashindwa, na kwa utaratibu wake yenyewe ikaihukumu ile diski ya pili kuwa nayo imekufa. Mbili kati ya nne. Taa zote zikabadilika, na sanduku likatangaza kwamba halina kitu. Mlio ukaanza tena: pii, kimya, pii, kimya. Safari hii hakuna aliyeugusa kwa muda mrefu.

Tungekuwa tumeweka diski asubuhi ile kama tulivyotaka, hapo ndipo vitabu vya parokia 31 vingeishia. Huenda fundi bingwa angeokoa sehemu yake kwa fedha ambazo seminari haina. Tulikwenda kumgongea padre mzee. Alikuwa anasali breviari. Alisikiliza, akainuka, akasogeza viatu, akatupa diski.

Kurudi kwa padre mhasibu kuomba diski nyingine kulitugharimu zaidi kuliko tulivyotegemea. Alituuliza kama tunafuga diski. Lakini alitoa. Na safari hii hatukujenga tena kwa mpango wa zamani. Tulichagua ule wenye karatasi mbili za jumla, zinazokokotolewa kwa njia tofauti, ambao unastahimili diski mbili zozote kufa. Unakula nafasi zaidi: kati ya terabaiti 16 tunabaki na 8 za kutumia, wakati mwanzoni tulikuwa na 12. Kwa mzigo wetu zinatosha. Wanakwaya walirudishiwa diski yao Ijumaa kabla ya Matawi, ingawa walidai ina harufu ya petroli.

Tuliandika barua. Baba Gombera aliisoma, akakata sehemu tulipojaribu kueleza mambo ya sekta na asilimia, akaacha sentensi zilizosema kwamba mashine iliharibika, kwamba ilitoa taarifa, na kwamba sisi hatukusoma taarifa hiyo kwa wiki 14. Maparoko wengi walijibu kwa upole. Mmoja hakujibu kwa upole, na tunaona alikuwa na haki, maana yeye kwa kutuamini alikuwa amevihamishia vitabu vyake stoo.

Zilibaki zile picha 3. Kitabu chake kilikuwa cha parokia ya mbali, kwenye kigango ambacho zamani ndicho kilichokuwa misheni yenyewe, na paroko alisema vitabu vya zamani bado vinatunzwa na katekista. Tulikwenda wawili kwa bodaboda, na kamera mgongoni. Mvua ilikuwa imenyesha, tukafika tumechafuka hadi magotini.

Tulimkuta Mwalimu, mzee wa miaka themanini kasoro, amekaa kibarazani akichambua maharage. Tulimwamkia, tukamweleza kilichotuleta. Hakuonyesha kushangaa. Alituingiza ndani, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, na ndani yake, juu ya majani makavu ya mwarobaini, kulikuwa na vitabu vinne vilivyofungwa kwenye kitenge. Tulimkumbusha kwamba tulishavichukua mara moja, na kwamba tulimwandikia kuwa viko salama.

"Barua niliipata," alisema. "Imo humo humo ndani."

Ilikuwemo, imekunjwa katikati ya kitabu cha ndoa, na mhuri wetu. Alikuwa ameitumia kuweka alama ya ukurasa.

Tulitandika shuka jeupe karibu na mlango kwa ajili ya mwanga, tukapiga picha kurasa tatu, kisha kwa woga tukapiga kitabu chote. Ndoa za kwanza ziliandikwa kwa Kilatini na mmisionari mwenye mwandiko mwembamba. Mwalimu alikuwa akitugeuzia kurasa, na kila mara alikuwa akiweka kidole kwenye jina na kusema huyu ni babu yake fulani, huyu alihamia Mbeya, hawa waliachana halafu wakarudiana. Tulipomaliza tulimwonyesha picha kwenye kioo cha kamera. Alizitazama moja moja, akitaka tukuze pale maandishi yalipofifia.

"Na hiyo mashine yenu," aliuliza, "nani anaiangalia?"

Tulimweleza kwamba sasa kuna daftari, la karatasi, limefungwa kwa kamba mlangoni. Kila siku baada ya kifungua kinywa frateri wa zamu anaingia, anasoma mashine inasema nini, anaandika, anatia sahihi. Kwamba barua pepe zinakuja kwa watu watano, akiwemo Baba Gombera. Kwamba kila mwezi diski moja inapelekwa kwa mkono hadi ofisi ya jimbo na kufungiwa huko.

"Hata siku za mitihani?"

"Hata siku za mitihani, Mwalimu."

Alitikisa kichwa taratibu. Kisha akafunga vitabu kwenye kitenge, akaongeza majani mapya ya mwarobaini aliyoyachuma nje huku tukisubiri, akalisukuma sanduku chini ya kitanda, na akatuuliza kama tutakula maharage.